Pikapu Isiyokunywa Oili

Kwenye kijiwe cha magari ya mizigo walimwita Mzee Kati. Jina alilipata siku moja na pikapu yake, akazeeka navyo vyote viwili.

Pikapu za aina ile zilikuwa sawa kwa umbo. Pana, ndefu, kiti cha mbele kimoja kama benchi, na nyuma unalaza kitanda kizima cha futi sita, kabati kando yake, na bado unafunga mlango. Kilichozitofautisha ni injini. Ndogo ilikuwa ya silinda nne, kubwa nane, ya kati sita. Siku ya mnada, kampuni moja ya ujenzi ilipokuwa inafunga virago, zilisimama tatu uani, moja ya kila injini. Yeye alizizunguka akikuna kichwa. Kusoma hakujua. Karatasi zilizobandikwa kwenye vioo zilikuwa kwake kama madoa ya mvua. Mkewe ndiye aliyesoma, kidole mstari kwa mstari.

"Dogo litalia mlimani," mkewe akasema. "Kubwa litatula sisi wenyewe. Chukua la kati, Baba."

"Na la kati litafanya nini?"

"Litatuzika wote wawili, lenyewe likiwa bado linawaka."

Wakacheka. Wakalichukua la kati.

Lilikuwa gari lao la pili. La kwanza alilichagua mwenyewe, akauziwa mbuzi kwenye gunia. Likafa mwezi wa pili katikati ya barabara, na watu wakamcheka mpaka akakaa nyumbani wiki tatu, hataki kuonana na mtu. Ndiyo maana hili la pili lilipokwenda mwaka mzima bila kumwaibisha, alirudi kijiweni kifua mbele.

"Gari langu halijui oili," alikuwa akisema. "Ninyi mnabeba vidumu vya oili kama mama aliyebeba maziwa ya mtoto. Mimi ni mafuta na maji basi."

"Halinywi kabisa?" dereva mmoja angeuliza. Huyu ndiye waliyemwita Domo, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo.

"Hata tone moja."

"Labda limeokoka, Mzee Kati."

Kijiwe kizima kingepasuka kwa kicheko, wengine wakishikana mabega. Yeye alicheka nao. Alidhani ni wivu.

Nyumbani mambo yalipangwa hivi. Usukani wake, boneti la mkewe. Mkewe alisema hivyo tangu mwanzo, na yeye akaona ni mapenzi tu ya mwanamke kwa gari alilolichagua. Fundi alimwaga oili nzee mara mbili kwa mwaka, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini kila Jumatatu asubuhi, yeye akiwa anakunywa chai, mkewe alitoka uani na ndoo ya maji mkono mmoja na kitambaa begani, akaenda kujaza rejeta. Boneti lilisikika likifunguka. Kufungwa halikusikika. Mkewe akarudi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akapanda upande wake wa benchi kwenye kimto chake, wakaenda kazini. Mkewe ndiye aliyesoma namba za nyumba na majina ya mitaa. Mzee aligeuza usukani alikoambiwa.

Miaka kumi na moja hakujiuliza kujaza maji kunahitaji kitambaa cha nini.

Mkewe aliugua siku moja tu, zilizobaki zilikuwa za kungoja. Alianguka jikoni. Upande mmoja ukafa, ulimi ukafa nao. Wiki tatu wodini mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, gari likimngoja nje chini ya jua, hakubeba mzigo hata mmoja. Siku za mwisho mkono mzima wa mgonjwa ulianza kufanya jambo. Vidole viliusogelea mkono mwingine, vikashika kitu kisichoonekana, vikakivuta juu polepole, kirefu. Kisha vikapangusa. Kisha vikakirudisha. Tena na tena.

"Nini, Mama? Unataka nikupanguse?"

Akachukua kitambaa, akakilowesha, akampangusa midomo. Mkewe akatikisa kichwa, machozi yakimtoka upande mmoja wa uso. Mkono ukaanza tena, ukavuta, ukapangusa. Na yeye akampangusa tena, mara hii taratibu zaidi.

Siku ya maziko aliendesha mwenyewe. Walimkataza, hakusikia. Jeneza lilienea nyuma na nafasi ikabaki. Mlimani gari halikulia.

Binti yao alikaa naye siku kumi, kisha akataka kuondoka naye.

"Baba, twende kwangu. Chumba kipo, wajukuu wapo. Hapa utakufa hujala."

"Gari bado linawaka."

"Gari ndilo litakalokupikia?"

"Gari ndilo linaloniamsha."

Binti akatazama vile vyumba viwili vya kupanga. Kanga ya mama yake ilikuwa bado msumarini. Uani, beseni la kufulia lilikuwa limefunikwa kifudifudi karibu na ukuta, kama mama alivyoliacha. Baba hakuwa amegusa kitu, wala hakutaka kiguswe. Binti alipoinama kuliinua lile beseni afulie, mzee alimkemea kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa.

"Liache hapo hapo! Aliliweka mwenyewe."

Binti akaliacha. Akafulia kwenye ndoo.

"Haya, Baba. Na gari likifa?"

"Likifa, nitakuja."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Halifi hilo."

Hakumweleza binti sababu yenyewe, kwa kuwa hakuwa na maneno ya kueleza. Kwa binti kulikuwa na kila kitu ila marehemu hakuwako. Hapa hapakuwa na kitu, ila alikuwako. Alikuwako msumarini, kwenye lile beseni, na zaidi ya kote alikuwako upande wa kushoto wa benchi, kwenye kimto kilichobonyea umbo lake. Mzee aliendesha na kile kimto pembeni, na kwenye njia panda bado aligeuza kichwa kungoja aambiwe kushoto au kulia.

Akarudi kazini. Jumatatu ya kwanza akaamka mapema kuliko kawaida, akajaza ndoo, akafungua boneti, akajaza rejeta kwa uangalifu mpaka maji yakafika mdomoni. Kitambaa hakukiona, akatumia shati lake. Aliona kwamba sasa boneti limerithiwa, na mrithi ni yeye, naye hatalala kazini. Jumatatu ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Hakuruka hata moja. Mshale wa oili kwenye dashibodi ulikuwa umekwama katikati tangu siku ya mnada, na yeye aliuona ni dalili njema. Gari la kati, mshale wa kati.

Wiki ya tano alipata mzigo wa mwalimu mmoja mwanamke aliyekuwa anahamia shule ya juu kilimani. Kitanda, meza, makreti ya vitabu, na kabati la milango miwili. Mwalimu alipoingia mbele, mzee aliinua kile kimto kwa mikono miwili, akakiweka mapajani mwake mwenyewe.

"Kaa, mwalimu. Hapo pana mtu, lakini atakupisha."

Mwalimu alimtazama, akakaa.

Nusu ya mlima sauti ikaanza. Ko, ko, ko. Mzee akasimamisha gari, akashuka, akakaza kamba ya kabati. Wakaondoka. Ko, ko, ko.

"Mlango wa kabati lako huo," akasema.

"Kabati nimelifunga kwa ufunguo, Mzee."

"Basi meza."

"Mzee wangu, samahani, mimi si fundi. Lakini hiyo sauti haiko nyuma. Iko mbele, chini ya miguu yetu."

"Gari hili halina sauti," mzee akasema, akakanyaga mafuta. "Lina silinda sita. Halinywi hata oili."

Hazikupita nyumba kumi, kikasikika kishindo kama nyundo imetupwa ndani ya sufuria. Magurudumu ya nyuma yakakwama. Gari likateleza kidogo, likasimama, na kimya kikaja. Mzee alizungusha ufunguo. Kimya. Akauzungusha tena, akapiga usukani kwa kiganja kama anayemwamsha mgonjwa.

"Mama," akasema. Mwalimu akadhani anaitwa yeye.

Domo ndiye aliyekuja na gari lake, wakalivuta kwa mnyororo mpaka gereji. Fundi, mtu mnene aliyelihudumia lile gari miaka yote, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Akakitazama. Akakifuta kwenye suruali, akakichomeka, akakichomoa tena. Kikavu, kama kijiti cha kuchokonolea meno. Akainama, akamulika chini kwa tochi, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Sema," mzee akasema.

"Injini imetoboka ubavuni. Mkono wa pistoni umekatika, ukatokea nje. Ngumi hii inapita." Fundi akasimama, asimtazame usoni. "Mzee, oili uliweka lini mara ya mwisho?"

"Oili ya nini? Gari hili…" Hakumaliza. Domo, ambaye wakati wowote mwingine angemalizia yeye, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama hakukwambia?" Fundi akauliza.

"Aniambie nini?"

Fundi akavuta ndoo, akaigeuza, akamwashiria akae. Mzee hakukaa.

"Mwaka ule ule mlioinunua," Fundi akasema. "Wewe ulikuwa na homa, umelala. Mama akaja kwa miguu, kijiti hiki amekifunga kwenye gazeti. Akaniuliza, mbona kila wiki oili inapungua? Nikaja nikaitazama. Nikamwambia ringi zimekwisha, injini inachoma oili, na dawa yake ni kuifungua yote. Akauliza gari litalala kwangu muda gani. Nikasema miezi miwili, labda mitatu. Akafikiri. Akasema, 'Gari la kwanza alichagua yeye, watu wakamcheka akajifungia ndani. Hili nimechagua mimi. Akijua nalo ni bovu, hatainua uso tena, na safari hii atakuwa amefungiwa na mimi. Wewe niuzie oili, uninyamazie.' Basi nikamuuzia. Nikanyamaza."

"Miaka kumi na moja?"

"Kila Jumatatu. Kopo alilichukua kwangu ndani ya ndoo, juu amefunika kitambaa. Siri ya mtungi, Mzee, aijuaye kata."

Mzee akamgeukia Domo. "Na ninyi?"

Domo akajikuna shingo. "Wewe unatazama mbele, Mzee. Sisi tulio nyuma yako ndio tuliouona moshi wa bluu. Nilitaka kukwambia mwaka wa kwanza, Mama Kati akanishika sikio pale pale kijiweni, wewe umekwenda kukojoa. Akasema, 'Mwanangu, ukimwambia, nitakuja hapa kila siku nikuaibishe wewe.' Tukaacha. Ukawa utani wetu. Lakini haukuwa ubaya, Mzee wangu. Tulikuwa tunamheshimu yule mama kuliko…"

"Na alipokufa?"

Fundi akazima tochi yake.

"Nilidhani alikwambia mwenyewe wodini," Fundi akasema.

"Mimi nilidhani Fundi amekwambia," Domo akasema. "Halafu… mtu yuko msibani, unamwendeaje na habari za oili?"

Mzee aliunyoosha mkono. Akakichukua kile kijiti kwa Fundi, akakitazama kama mtu anayesoma. Kisha vidole vyake vikakivuta hewani polepole, kirefu, vikakipangusa. Akaganda. Fundi na Domo hawakujua ameona nini. Yeye aliona wodi, na mkono unaovuta na kupangusa, na yeye mwenyewe na kitambaa chake cha maji, akimfunga mdomo mgonjwa aliyekuwa anasema.

"Nilimpangusa midomo," akasema.

"Mzee?"

"Alikuwa ananiambia. Mimi nikampangusa midomo."

Ndipo akaikalia ile ndoo.

Lilibaki tumaini moja, na Fundi, kwa kujiona naye ana hatia, alilikimbilia kwa nguvu zake zote. Injini nyingine. Alipiga simu siku tatu mfululizo. Alikwenda kwenye yadi za magari yaliyokatwa, akapanda juu ya mirundo ya vyuma, akarudi amechafuka mpaka masikioni. Kila jioni mzee alimngoja gereji, amekaa ndani ya gari lake, upande wa usukani, kimto pembeni.

"Za silinda nne ziko kama mchanga," Fundi alisema siku ya tatu. "Za nane nimeziona mbili. Za sita hakuna. Watu hawakuzinunua, Mzee. Aliyekuwa na kidogo alichukua ndogo, aliyekuwa na kingi alichukua kubwa. Ya kati mliichukua ninyi."

"Tia hiyo ndogo."

"Haikai. Vikalio vyake ni vingine, gia yake ni nyingine. Nikate chasisi, nichomelee, na ukiibebesha kabati moja mlimani itakufa kama hii. Siwezi kukudanganya mara mbili."

"Mara ya kwanza hukunidanganya. Ulinyamaza."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mzee."

Mzee akafikiri. "Nayo kubwa?"

"Itavunja gia siku ya kwanza." Fundi akafuta mikono. "Maji yakimwagika hayazoleki. Nisamehe."

Binti akaja mwisho wa juma. Hakusema 'si nilikwambia'. Alipika, akafunga nguo za baba yake kwenye begi moja, akazungumza na mwenye nyumba, ambaye alisikitika na papo hapo akasema ana mpangaji anayehitaji vyumba kuanzia mwezi ujao. Mnunuzi wa chuma chakavu alitaka gari likiwa zima, hata kama limekufa, kwa hiyo Fundi akafunga alichokifungua, na Domo akaliburura mpaka uani. Lori la chuma lingekuja Jumatatu asubuhi.

"Kimto nacho tunakichukua, Baba?"

"Kimto kinakaa kwenye gari."

"Baba, watakitupa."

Baadaye binti akaona amekitoa mwenyewe, amekiweka juu ya begi, na ameketi kando akikitazama kile kibonyeo. Kilikuwa kimeanza kuumuka, tangu gari lisimame.

Jumatatu aliamka kabla ya binti. Chai hakunywa. Akajaza ndoo maji. Halafu akasimama mbele ya lile beseni la kufulia, karibu na ukuta, alilolikataza kwa kila mtu wiki zote zile. Akachuchumaa. Magoti yakalia. Akaliinua.

Chini yake kulikuwa na kopo la oili, limefunguliwa, zaidi ya nusu limebaki. Kifuniko kimekazwa vizuri. Juu yake kitambaa cha bluu, kimekunjwa mara nne, cheusi katikati. Vilikuwa pale wakati wote. Wakati wa msiba vilikuwa pale, na binti alipoinama kufua, na kila Jumatatu yeye alipopita na ndoo yake hatua mbili kutoka hapo, akijivuna moyoni kwamba hajasogeza kitu cha marehemu hata kidole kimoja.

Kisha akainuka, akafungua boneti. Akajaza rejeta. Akafungua mdomo wa oili, akamimina taratibu, kopo lote, mpaka tone la mwisho. Akangoja kidogo, kama alivyoona mafundi wakingoja. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa kile kitambaa cha bluu, akakichomeka, akakichomoa.

Kikavu.

Akakifuta tena, akakirudisha, akakivuta polepole, kirefu. Kikavu.

Akainama akatazama chini ya gari. Oili ilikuwa inatoka ubavuni, palipotoboka, safi, rangi ya asali, ikiingia mchangani bila haraka. Aliitazama mpaka ikaisha.

"Baba," binti aliita mlangoni, kanga ya mama yake mkononi. "Lori limefika."

"Waambie wangoje."

Alishusha boneti mpaka likabaki upana wa mkono. Hakuliachia lianguke kama madereva wanavyofanya. Aliweka viganja viwili juu yake, akalilalia kwa uzito wa kifua, taratibu, mpaka likashika. Halikutoa sauti. Alibaki vile vile ameinama, akielewa jinsi mkewe alivyokuwa akilifunga.

Wakalipakia kwa winchi. Mzee alikusanya ndoo, akakikunja kitambaa mara nne, akaliweka kopo tupu pale pale karibu na ukuta, kitambaa juu yake. Akalifunika beseni kifudifudi.

"Hilo beseni tunaliacha?" binti akauliza.

"Tunaliacha."

"Mpangaji atalitumia tu, Baba."

"Na alitumie," mzee akasema, akaenda kuchukua begi.